Doa la Usafi

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kuambiwa na uwanja wa nyumba kwamba miguu yako inauaibisha? Mimi nimeambiwa. Nimeambiwa usiku wa kuamkia leo, nikiwa usingizini, na hakuna aliyekohoa kwanza kama afanyavyo mwenye adabu anapotaka kusema na mtu mzima.

Ila ngoja nikueleze uwanja wenyewe, maana usipoujua utadhani niliota kwa sababu ya kushiba maharage.

Mwanangu Placidi amejenga Morogoro, upande wa Bigwa. Mimi nimeshuka kutoka Matombo kuja kumkanda mzazi, mkewe Devota, aliyejifungua mtoto wa kike, Yustina. Nyumba ni nzuri, sisemi. Lakini uwanja wake wote, ukuta hadi ukuta, umelazwa vitofali vya pevingi, vyekundu na vya kijivu, vimebanana kama meno ya mtu aliyekasirika. Udongo hakuna. Palikuwa na mfenesi, ukakatwa kwa kosa la kudondosha majani. Maua yapo, lakini yamo kwenye vyungu vya plastiki, yamepangwa mstari kama wanafunzi waliochelewa shule. Kuku hakuna. Atie kucha wapi?

Na uwanja huo unatunzwa kuliko mzazi. Kila Jumamosi Placidi, mtu na elimu yake, huvaa mabuti akatoa mashine ya presha, akavipiga vitofali maji mpaka ungedhani vitaomba msamaha. Anazo kanuni alizopewa na fundi Gervasi, aliyevilaza, naye huzisema huku anafanya kama anayesali rozari. Anza juu, shuka chini. Maji usiyaelekeze kwenye mapengo, mchanga utatoka. Doa liwahi kabla halijazoea. Dawa mpya ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ukishapaka vanishi mtu asikanyage mpaka ikauke. Mimi huwa nimekaa kizingitini na bakuli la uji wa mzazi, nasubiri sala iishe nivuke.

Kitofali nilichokipenda mle ndani kilikuwa kimoja. Ni kile cha mbele ya mlango wa jikoni, kilichomeguka pembe. Kinacheza. Mvua ikinyesha, ukikikanyaga kinakutemea maji ya udongo mpaka kwenye ugoko. Devota hukiruka kama anaruka nyoka. Placidi alisema Gervasi akija kupaka vanishi, kitu cha kwanza ni kukishindilia hicho kwa saruji, kitulie.

Sasa sikiliza shida yangu. Kitovu cha Yustina kimedondoka. Kwetu kitovu cha mtoto hakitupwi. Bibi yake anakizika uani, karibu na mlango wa jikoni, ndipo mtoto atolewe nje, ndugu wamwone. Hapo ndipo panakuwa kwao. Aende mbali anavyotaka, pale patamvuta. Cha Placidi alikizika marehemu mama yangu nyuma ya jiko lake kule Matombo, ndiyo maana hata akivaa tai njia ya kurudi anaijua. Basi cha Yustina nikakifunga kwenye pindo la khanga yangu, nikatoka kutafuta udongo. Nikaizunguka nyumba. Nikaizunguka tena kinyume, labda udongo ulikuwa unanikimbia.

Devota akaniona. "Bibi, umepoteza nini?"

"Natafuta mahali pa kitovu."

"Si kuna vyungu? Hicho cha waridi kina udongo mzuri kabisa, wa dukani."

Udongo wa dukani! Kitovu cha mjukuu wangu kikae kwenye chungu cha plastiki, Jumamosi kibebwe kuipisha mashine, Jumapili kirudishwe upande mwingine, kihamehame kama mpangaji. Na siku waridi likifa, chungu kinatupwa pamoja na kwao mtoto. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Nilichokisema ni, "Haya, mwanangu."

Jioni Placidi naye akaniuliza, macho yako kwenye simu, "Mama, una neno?"

Nikajibu, "Sina neno."

Ukiwa nyumbani kwa mwanao unajifunza kumeza, na mimi nimekuwa mmezaji hodari. Ndugu wa kumtoa mtoto wanakuja Jumapili. Gervasi anakuja kesho asubuhi na vanishi yake. Nikalala na khanga yangu, fundo nimelikamata mkononi.

Ndipo nikaota.

Naota nimesimama mlango wa jikoni na beseni la maji ya nepi, nataka kumwaga. Ni mchana, jua la kuanika mpunga. Sauti inasema:

"Miguu."

Natazama chini. Ni kitofali kimesema. Cha jirani yake kinasema, "yako." Cha tatu kinasema neno lake, na cha nne lake, na sentensi inaondoka inakwenda zake kuelekea getini, kila kitofali na neno moja. Ikanibidi niifuate. Hebu nitazame: mtu wa rika langu, beseni mkononi, nakimbiza sentensi. Ikalizunguka gari la Placidi, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikakata kona kwenye tangi la maji, ikafika getini. Kitofali cha mwisho kikanyamaza.

"Malizia," nikakiambia.

"Neno langu nimelisahau," kikasema. "Rudi mlangoni, waanze upya."

"Mnasema maneno mnayoyasahau?"

"Sisi tumetoka kiwandani," kikasema, kimevimba.

"Nilidhani mmetoka kwenye kokoto."

Vikaninunia vyote, kutoka getini mpaka ukuta wa nyuma. Mwenye maringo usimtajie ukoo.

Nikarudi mlangoni. Wakaanza upya, na safari hii nikasikiliza vizuri. Nikaona sentensi inapoanza inakiruka kile kitofali kilichomeguka pembe. Chenyewe hakikupewa neno. Wenzake wakasema, mmoja mmoja: Miguu, yako, inatuaibisha, mbele, ya, wageni.

"Wageni gani?"

"Wa," "Jumapili."

"Hao ni ndugu zangu," nikasema. "Wanatembea kutoka milimani. Miguu yao ni hii hii, tena mingine ina vidole vilivyopishana."

Vitofali vikatazamana. Sijui vilitazamana kwa macho gani, lakini vilitazamana.

Mara mlango wa stoo ukafunguka, ikatoka mashine ya presha. Inatembea kwa magurudumu yake yenyewe, imevaa tai ya harusi ya Placidi, mpira wake wa maji imeutupia begani kama khanga ya mtu anayekwenda kwenye ugomvi. Ikasimama. Ikanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, ikabaki hapo miguuni.

"Nani kamwaga mtu hapa?" ikauliza.

"Sijamwagwa," nikasema. "Nimesimama."

"Wote husema hivyo. Hata oili ya gari ilidai imesimama."

"Mimi ni mama wa mwenye nyumba."

"Aliyekumwaga ni nani?"

Nikaona huyu tukiendelea naye tutafika magharibi. Nikaweka beseni chini. Vitofali vikapiga ukelele kwa zamu, mpaka getini, na cha mwisho kikasahau kupiga.

"Kanuni," mashine ikasema. "Anza juu, shuka chini. Twende juu."

"Juu wapi?"

Ikanyoosha mpira wake ikaonyesha mlima.

Kufumba na kufumbua tuko Matombo, uani kwa marehemu mama yangu. Napajua kwa lile jiwe la kunolea visu. Lakini mlima wote umelazwa pevingi, kilele mpaka bondeni. Migomba imo kwenye vyungu vya plastiki, mstari mmoja. Mto umekunjwa ukatiwa kwenye bomba, na mwisho wa bomba kuna mtu anaufungua na kuufunga kwa koki akitaka kunawa. Mlangoni kwa jirani amekaa Kristina Mloka, rafiki yangu tuliyepata naye kipaimara siku moja. Amekaa juu ya kinu, miguu ameinyanyua hewani.

"Kristina! Habari za huku?"

"Njema, Perpetua. Hatujakanyaga chini."

"Tangu lini?"

"Tangu waliposema inakauka."

"Sasa mnalima wapi?"

"Hatulimi. Tunafagia."

"Mnakula nini?"

Kristina akanitazama kama mimi ndiye mshamba. "Hatuli," akasema. "Tunang'aa."

Na kweli walikuwa wanang'aa. Nikaona watoto wake, wajukuu wake, wote juu ya vinu na viti na mapipa, miguu juu, wanang'aa kama sahani za sikukuu, na mbavu zao unaweza kuzihesabu. Mzee mmoja aliyechoka kuinua mguu akaugusisha chini kidogo. Akateleza, akaenda. Akapita mbele yetu amekaa vilevile, akatusalimu vizuri tu, akaendelea kuteleza kuelekea Morogoro mjini.

"Huyo anakwenda hospitali," Kristina akasema. "Siku hizi ni karibu."

Nikaenda nyuma ya jiko, pale mama alipokizika kitovu cha Placidi. Namkuta Placidi mwenyewe, na mabuti yake, anazunguka. Anatazama kitofali, anakwenda hatua chache, anatazama kingine, anarudi.

"Unatafuta nini, baba?"

"Mama, kwetu wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Hapa pako sawasawa na pale."

Nikatazama. Alisema kweli. Pale palikuwa kama hapa, na hapa kama kule, na kule kama Bigwa. Placidi akachukua fagio la chelewa akaanza kufagia. Alipopotea ndivyo alivyofanya, mwanangu. Alifagia.

"Mama," akasema bila kunitazama, "una neno?"

"Sina neno."

Nilipolisema hilo, chini ya mguu wangu nikasikia kitu kimezibika. Pengo moja kati ya vitofali lilikuwa limefunga mdomo, kimya kimya.

Mashine ikafurahi. "Sasa shuka chini," ikasema, ikanimwagia maji ya sabuni, nikashuka nayo. Nilishuka nimekaa, khanga nimeikusanya, fundo mkononi, tukapita mlima mzima mpaka barabarani, kwenye vibanda vya wauza maua. Nikasimama, nikajifuta povu kwenye masikio.

Vyungu vimepangwa mpaka ukingoni. Mbuyu mdogo, mkaratusi mdogo, waridi, na kwenye chungu cha plastiki kijani, amezikwa mpaka kiunoni, Yustina. Amevaa ile kofia ya sufu niliyomfumia. Kuna mdudu wa maua mmoja anatembea kwenye kofia.

"Shikamoo, Bibi," akasema. Meno hana, lakini alisema vizuri kuliko vile vitofali vya kiwandani.

"Marahaba, mama. Pamekubana?"

"Pamenibana. Mizizi inazunguka tu humu, inakutana yenyewe kwa yenyewe, inaombana radhi."

Akapita mteja na mkoba wake, akainama, akambonyeza shavu kama anavyobonyezwa parachichi. "Kamtoto kazuri. Kwenu wapi?"

"Inategemea leo wameniweka wapi," Yustina akasema.

"Unataka jua au kivuli?"

"Nataka nisihamishwe."

"Ah," mteja akasema, "basi huyu msumbufu," akaenda kutazama mkaratusi.

Nikakishika chungu nimtoe, naye Devota ndiye huyo anakuja, anatokea nyuma ya waridi. Amepakwa vanishi. Mwili mzima, nywele na kope. Ukimtazama unajiona mwenyewe, tena umenenepa.

"Devota, mwanangu," nikasema, "mtoto amebanwa. Kitovu chake hakikai kwenye chungu, kinataka ardhi."

Maneno yangu nikayaona. Yalimfikia kwenye paji la uso, hayakuingia. Yakashuka puani, yakaning'inia kidevuni, yakadondoka chini, tone tone. Mashine ikaja ikayapiga maji.

"Bibi unasema?" Devota akauliza. Alikuwa anainamisha sikio, maskini, alitaka kusikia. "Naona midomo tu."

"Nasema kitovu!"

"Sema tena, Bibi. Linateleza."

Nikasema tena, nikasema kwa kelele, neno likateleza kwa kishindo. Mashine ikalisafisha. Nilipogeuka kumtazama Yustina, kibanda hakipo, barabara haipo, chungu hakipo. Tuko uani Bigwa, na vitofali vyote vimenizunguka vimenyanyuka upande mmoja, kama watu walioegemea ukuta wanasubiri ugomvi uanze.

"Doa liwahi kabla halijazoea," mashine ikasoma mashtaka. Haikuwa na karatasi, ilisoma hewani. "Hapa tumetoa oili. Tumetoa chai ya mgeni. Tumetoa ule ukijani unaoteleza wa upande wa tangi. Tumetoa kivuli cha mfenesi kilichokuwa kimebaki baada ya mfenesi kukatwa, nacho kilikuwa kigumu sana. Limebaki hili." Ikanielekezea mpira. "Hili limeshazoea. Lipo tangu mtoto azaliwe. Asubuhi linakaa kizingitini."

"Nakaa kwa sababu unanizuia kupita," nikasema.

"Linajibu," vitofali vikasema, "tena," "linajibu," "jamani."

Ikatoa kichupa cha dawa. "Dawa mpya tunaijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Wewe ni sehemu yako ipi haionekani?"

Nikafikiri kwa uaminifu, kama tulivyofundishwa kujibu maswali. "Katika nyumba hii?" nikauliza. "Nzima."

Kitofali kimoja kikakohoa, kohozi la mchanga. Placidi, ambaye sasa alikuwa amesimama kwenye mstari wa vyungu na fagio lake, akatazama mabuti.

"Basi kisigino," mashine ikasema haraka haraka.

Nikawapa kisigino cha kushoto. Visigino vyangu ni visigino kweli. Vimepasuka kama jaruba wakati wa kiangazi, na ndani ya mipasuko umo udongo wa Matombo wa tangu ujana, wa mpunga na wa migomba, umekaa humo, jiwe la kusugulia limeushindwa na ndimu imeushindwa. Mashine ikadondosha tone moja. Likachemka kama soda iliyotikiswa. Lilipotulia, palikuwa na kiduara kidogo, cheupe na chekundu kwa mbali, laini kama shavu.

"Inatoka!" mashine ikashangilia.

"Nini inatoka?"

"Wewe."

Vitofali vikapiga makofi, kwa zamu. Nikaona Gervasi mwenyewe amekuja kusimama pembeni na rola yake ya kupakia vanishi, hana uso, ana kofia tu.

"Na hilo fundo?" mashine ikasema. "Hilo kwenye pindo. Doa gani hilo?"

Nikalirudisha fundo nyuma ya mgongo. "Hili si doa."

"Yote husema hivyo. Una neno kabla hatujapaka?"

Ni hapo, sikiliza, ni hapo ambapo uwanja mzima ulinyamaza kunisubiri. Placidi alinitazama. Devota naye, mng'aro wake wote, aliinamisha sikio. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri namna ile katika nyumba ile. Na mimi mdomo wangu, kwa mazoea yake, kama punda anayejua njia ya kisimani, ukasema:

"Sina neno."

Rola ikanipita mdomoni. Vanishi ni baridi. Inanuka rangi na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ikaanza kukaza kwenye pembe za midomo, ikija katikati.

"Mtu," "asikanyage," "asiseme," "mpaka," "ikauke," vitofali vikaimba. "Na ikikauka," "hakuna," "haja."

Ndipo nikasikia sauti nyingine. Ilitoka chini, karibu na mlango wa jikoni, sauti nzito, ya mtu mwenye udongo mdomoni.

"Bibi."

Nikageuza macho. Ni kile kilichomeguka pembe.

"Mimi hawakunipa neno kwa sababu nacheza," kikasema. Kilisema sentensi nzima peke yake, hakikumwomba jirani. "Nacheza kwa sababu chini yangu Gervasi hakushindilia. Ilikuwa saa ya kula. Hapa chini pana udongo, mwekundu, una maji. Kuna nyungunyungu mmoja, mtu mzima, halali kwa kelele za hiyo mashine."

"Nyamaza!" mashine ikasema.

Kikacheza kidogo, kikaitemea maji ya udongo kwenye tai. Sijaona mashine ikiumia vile.

"Asubuhi nashindiliwa saruji," kikaendelea, hakina haraka. "Nikishashindiliwa na mimi nitapewa neno langu, nitawasema watu miguu. Sitaki, lakini nitasema, maana nitakuwa nimebanwa. Wewe bado unacheza, Bibi. Sema kabla haijakauka."

Nafungua mdomo. Haufunguki. Naingiza kidole pembeni, navuta, vanishi inavutika kama ulimbo. Mashine inanipulizia upepo ikauke upesi. Devota ananikazia macho. Yustina, sijui yuko wapi, analia kwenye plastiki. Navuta kwa mikono miwili. Katikati ya midomo pamebaki kitundu kama cha sindano. Napitisha humo.

"Ni," nasema. "Ni. Nina."

Nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani anawika, wa kwetu hakuna. Mdomo umekauka, midomo imegandana, nikailamba mpaka ikaachia. Fundo liko mkononi, limeacha alama kwenye kiganja. Nikasema moyoni, maharage. Nikakaa kitandani nitafute ndala.

Nilipoinua mguu wa kushoto nikaliona. Kisiginoni, upande wa ndani, kiduara kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Cheupe, na chekundu kwa mbali, laini. Pembeni yake mipasuko yote na udongo wake kama kawaida, Matombo nzima iko pale, imezunguka doa la usafi. Nikalisugua kwa mate. Halikutoka. Usafi hautoki kwa mate.

Nikatoka.

Uani Placidi ameshavaa mabuti. Gervasi amechuchumaa mbele ya mlango wa jikoni, karai la saruji pembeni, ndoo ya vanishi imefunguliwa inanuka ndizi mbovu. Uso anao, nilihakikisha.

"Shikamoo, Bibi," Gervasi akasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, Bibi. Namalizia hiki kisumbufu kwanza."

"Wee, kale kwanza," nikasema. "Mkisubiri saa ya kula ndiyo mnafanya kazi nusu."

Akacheka, hakujua anachekea nini. Placidi akasema, "Shikamoo Mama, usipite hapo. Zunguka mlango wa mbele."

Devota akatokea nyuma yangu na Yustina begani. "Bibi, mbona miguu mitupu, utashikwa na baridi." Kisha akainama. "Eh! Kisigino umekipaka nini? Hapo penye kaduara pameng'aa kama pa mtoto."

"Walikuwa wananijaribu."

"Nani?"

"Hao," nikasema, nikaonyesha chini.

Devota akatazama vitofali, akanitazama mimi. Gervasi naye akanyoosha shingo akakitazama kisigino kwa jicho la kazi. "Hiyo ni dawa yangu ya madoa ya saruji," akasema, "ndivyo inavyofanya hasa. Lakini Bibi umeitoa wapi? Ndiyo nimekuja nayo sasa hivi, hata kizibo sijakivunja." Akakitoa kichupa mfukoni. Kizibo kizima.

Placidi hakusikia. Alikuwa anakoroga saruji. "Tunapaka, Mama," akasema, mgongo kwangu. "Tukishapaka hapa ndiyo mpaka kesho, na baada ya hapo hakuna kufukua. Una neno?" Na hakusubiri, maana jibu langu analijua. Akachota saruji kwa mwiko.

Nikashuka kizingitini, nikakikanyaga kile kilichomeguka pembe kwa kisigino changu cha kushoto, chenye doa. Kikacheza. Kikamtemea mwanangu maji ya udongo mekundu mpaka juu ya buti, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Mama!"

"Ninalo," nikasema.

Mwiko ukabaki hewani. Devota akasogea, akainamisha sikio.

"Hiki msikishindilie. King'oeni. Nataka huo udongo wa chini yake, nimzikie Yustina kitovu chake hapo, leo hii, kwa mikono yangu, wala sitaki chungu. Na mkishakitoa msikirudishe. Hivyo vingine ving'arisheni mpaka mjione meno ya nyuma. Hapa, mwanangu, nataka pabaki pachafu."